Tuzo ya 1972 na Taya la Mtoto

Siku hizi vyuo vya utabibu hupangwa kwa daraja, na mara nyingi huhesabiwa maandishi yanayotolewa na walimu wake. Hesabu hiyo si mbaya, ila haimwambii mzazi kama mwanawe atapona. Hospitali ya Mulago na chuo cha utabibu cha Makerere, huko Kampala, zina sifa ya namna nyingine, nayo ilianzia katika taya la mtoto.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt alikuwa amepata kuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatumikia Kenya na Somalia. Hakuutambua ugonjwa ule. Baada ya muda mfupi, alipozuru hospitali ya Jinja, akamkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Aliporudi Mulago alifungua mafaili ya zamani, na kumbe walikuwa wengi. (Walioandika mafaili yale kwa uangalifu, siku baada ya siku, hawakuvishwa nishani na mtu.) Mwaka 1958 akautangaza ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wenziwe walisafiri kwa gari mwendo wa maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine, hata ikadhihirika kuwa saratani hiyo hukaa katika nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi.

Kisu hakikufaa kitu. Dawa ndizo zilizofaa. Mwaka 1967 ilifunguliwa pale Mulago taasisi ya saratani chini ya Daktari John Ziegler, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wafu wakaanza kurudi kwao. Kwa kazi hiyo ya dawa, tuzo ya Lasker ya Marekani ya mwaka 1972 iliwafikia Burkitt, Ziegler na Anomah Ngu wa Kameruni, pamoja na wengine.

Lakini mwaka huo huo wa tuzo, madaktari wengi wa kigeni waliondoka Uganda, na Ziegler akiwamo. Taasisi ikabaki mikononi mwa Daktari Charles Olweny, mwanafunzi wa Makerere yenyewe. Wodi hazikufungwa. Kwa haki, hilo lilistahili tuzo ya pili.

Ugonjwa huo ungaliko, nao hukua upesi kuliko karibu saratani zote. Mtoto ambaye umri wa kung'oka meno haujamfikia, naye meno yanalegea na shavu linavimba, asing'olewe jino tu na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali kubwa. Na baba akiwa kambini mbali, mama asingoje likizo yake.