Masharti Yasiyo ya Kazi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya, iliyotiwa saini Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira kwa watu wenye ulemavu, na tangu hapo mjadala wa waajiri, wanasheria na hata baadhi ya watetezi umeizunguka hesabu hiyo kana kwamba ubaguzi katika ajira ni kosa la kujumlisha. Tanzania imekwisha kuipita njia hiyo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ilimwekea mwajiri mwenye idadi hiyohiyo ya watumishi kiwango cha asilimia 3, lakini hadi leo tangazo la kazi ya uhasibu linaweza kudai leseni ya udereva, na hakuna anayemwuliza mwajiri vitabu vyake vya hesabu vinaendeshwa kwa usukani gani. Kiwango kinawahesabu waliokwisha kuingia, ilhali ubaguzi ulio mzito zaidi hutendeka kabla ya hapo, katika masharti ambayo mwajiri huyaandika peke yake, huyatafsiri peke yake na huyatumia peke yake kuamua nani aitwe kwenye usaili.

Waajiri wana hoja zao, na ni haki zitajwe. Ya kwanza ni gharama, kwa maana kwamba kuweka njia ya kiti cha magurudumu, kumlipa mkalimani wa lugha ya alama au kununua programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti kunahitaji fedha. Lakini hata sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ilikuwa imempa mwajiri binafsi nafuu ya kodi kwa mishahara ya watumishi wenye ulemavu na kwa marekebisho ya majengo na vifaa, kwa hiyo anayelia gharama aonyeshe kwanza kwamba aliwahi kuiomba nafuu hiyo. Ya pili ni kwamba kazi itolewe kwa uwezo na si kwa huruma, jambo ambalo hakuna mtu makini anayelipinga, na ambalo waombaji wenye ulemavu wamekuwa wakilidai kabla ya waajiri hawajalikumbuka.

Hoja inayostahili kushughulikiwa ni ile isemayo kwamba nafasi zilitangazwa lakini hawakupatikana wenye sifa. Sheria ya Tanzania yenyewe imeufungua mlango huu, kwa kuwa inazungumzia kuajiri watu wenye ulemavu wanaostahili kazi husika, na hivyo mwenye kupanga sifa ndiye anayepanga pia kama sheria itamgusa. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ya Kenya zinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na zinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Zote mbili humruhusu mwajiri kutofautisha watu pale ambapo tofauti hiyo inatokana na matakwa ya asili ya kazi, yaani lile jambo ambalo likiondolewa kazi yenyewe haipo tena. Rubani lazima aone. Karani wa masjala hahitaji kuendesha pikipiki, na mhariri hahitaji kusikia simu ikilia ilhali barua pepe ipo. Sharti la aina hiyo linaeleza mazoea ya ofisi, kwa maana ya jinsi mtu wa mwisho aliyeikalia nafasi alivyokuwa akiitekeleza.

Kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2021 inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwombaji asiyeona aliomba kazi ya kuwahudumia wateja katika kampuni kubwa ya simu, akafika hatua ya jaribio la kompyuta, na hapo safari yake ikakatika kwa sababu kampuni haikuwa na programu ya kumwezesha kulifanya. Mahakama iliona kwamba amebaguliwa. Kilichomkwamisha kilikuwa kifaa cha kupimia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi zote mbili zimeuridhia, unahesabu kuwa ni ubaguzi kitendo cha kunyima marekebisho mwafaka, maana yake mabadiliko ya lazima yasiyomtwisha mwajiri mzigo uliopita kiasi. Programu za namna hiyo zipo zinazopatikana bure.

Lakini wangapi hufika kortini? Sheria zote mbili za ajira zinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha kwamba hakubagua, na Tanzania humtaka mlalamikaji aonyeshe kwanza dalili za awali za ubaguzi. Sasa mtu ambaye barua yake haikujibiwa atazitoa wapi dalili hizo? Hajui nani aliitwa, kwa alama zipi, wala sharti gani lilimwangusha. Mwajiri anayenyamaza anajilinda kuliko anayejibu, na wengi wamelifahamu hilo vizuri mno. Kisha huyohuyo huandika chini ya tangazo kwamba waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kuomba na waeleze aina ya ulemavu walio nao, taarifa ambayo ingekuwa na maana kama ingefuatwa na mkalimani au karatasi ya nukta nundu siku ya mchujo, lakini isipofuatwa na chochote inabaki kuwa njia ya kumtambua mtu mapema na kuliweka faili lake kando. Kumwambia mtu huyo baadaye kwamba hakuwa na sifa ni dhihaka.

Dawa haihitaji sheria nyingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 tayari inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na inahesabu matangazo ya kazi na vigezo vya uteuzi kuwa sehemu ya utaratibu wa ajira unaokatazwa kubagua. Mpango huo ungeweza kudaiwa uorodheshe kila sharti la afya, la kuona, la kusikia au la udereva pamoja na kazi mahususi inayolihitaji, na kila mwombaji aliyeachwa angeweza kupewa kwa maandishi sharti alilolikosa. Mwajiri atakayeshindwa kuandika sentensi moja ya kueleza kwa nini mtunza kumbukumbu awe na leseni ya daraja fulani, hana haki ya kulichapisha sharti hilo gazetini.