Matone ya Macho na Haki ya Sungura



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi,

Mwanafunzi mmoja wa madrasa hapa Kamembe aliniuliza: "Mwalimu, baba ameacha dawa yake ya presha ya macho. Kasikia ilijaribiwa machoni mwa sungura. Ni halali kuitumia?"

Habari hiyo ni kweli. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, akiwemo László Bitó, walionyesha kuwa matone ya prostaglandini hushusha presha ya macho ya sungura. Wakafuata paka na tumbili. Njia hiyo ndiyo iliyoleta latanoprosti, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Basi mnyama ana haki, na kumtesa bure ni dhulma. Marehemu Al-Hafiz Masri, aliyeishi miaka mingi Afrika Mashariki kabla ya kuwa imamu huko Woking, Uingereza, alitoa mwaka 1989 kitabu kizima juu ya wanyama katika Uislamu.

Lakini presha ya macho nayo si jambo dogo. Huharibu mshipa wa jicho kimya kimya, mara nyingi bila maumivu, na nuru iliyopotea hairudi. Kumkinga mtu na upofu ni haja ya kweli. Kwa hiyo naona jaribio kama hilo linafaa, kwa masharti: pasiwe na njia nyingine, wanyama wawe wachache, na maumivu yazuiwe. Kumtia sungura vipodozi machoni ili sisi tupate wanja mpya, hilo silioni kuwa haja.

Ama huyu mzee, kuacha dawa hakumfidii sungura chochote. Kunampotezea yeye macho, na jicho ni amana. Kama tatizo ni bei au kusahau, arudi kwa daktari, amwambie ukweli. Utafiti uliofanyika KCMC, Moshi, na kutolewa mwaka 2021 ulikuta kuwa baada ya mwaka mmoja presha ilidhibitiwa katika asilimia 31 ya macho yaliyotiwa matone ya timololi, na asilimia 61 ya yaliyotibiwa kwa mwanga wa leza. Kuuliza njia nyingine si aibu.

Wanafunzi, leo usiku wakumbusheni wazazi wenu matone yao. Na mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba, mpeni maji.

Wabillahi tawfiq.