Walimu tarajali, bunduki ya darasani ibaki ya mti

Kila aliyepita kozi ya mbinu za kufundishia anaujua ule wimbo: zana halisi kwanza, picha baadaye, maneno matupu mwisho kabisa. Ukifundisha mahindi, nenda na hindi. Niliuamini wimbo huo mpaka TP ya mwaka jana Tunduma, nilipopangiwa kufundisha Vita vya Majimaji Kidato cha Tatu, nikaingia darasani na bunduki.

Ya bandia, tulieni. Ni zile za plastiki zinazorusha vidonge vya milimita 6 kwa nguvu ya springi. Niliinunua mkononi kwa mtu, umbo la AK, hizi tunazoziita SMG, kitako kimeshavunjika, ndiyo maana bei ilikuwa ya chee. Nikasema poa, kitako ninacho.

Babu yangu kule Momba alikuwa na gobore. Mtutu wake ulisalimishwa zamani, kwenye moja ya vile vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Kitako kilikuwa kimeshatengana nao, kikabaki nyumbani kama kabari ya mlango wa banda la mbuzi. Mninga mtupu. Babu alinipa bila maswali, akasema kimelala mvuani vya kutosha.

Kazi ya kukifunga tuliifanya na fundi seremala wa mtaani, jioni tatu. Watu wanadhani ni suala la kuchomoa hiki na kuchomeka kile. Kitako cha gobore kimechongwa kwa jicho, kufuata bomba la mtu mmoja tu duniani. Tulichora mkia wa ile plastiki kwenye kadibodi, tukauhamishia kwenye mti, fundi akachimba kwa patasi kidogo kidogo huku akijaribisha kila mara, maana mti ukishachimba kupita kiasi huwezi kuurudishia. Skrubu za zamani hazikushika. Akatoboa kwa keekee, akapitisha bolti ndefu, akajazia pembeni kwa vipande vya mbao. Mwisho msasa na vanishi, isipokuwa sehemu moja iliyong'aa kwa shavu la babu. Hapo nilimkataza asiguse.

Nikiri, ilipendeza. Uzito ulihamia nyuma, ukiishika unaona kabisa umeshika kitu. Na hapo ndipo ilipoacha kuwa zana ya kufundishia, ila mimi sikuona.

Niliitoa kwenye shuka nikaiegemeza begani ili nieleze namna askari wa Wajerumani walivyolenga. Vijana wa nyuma wakashangilia. Binti mmoja wa safu ya pili akawa chini ya dawati. Nilidhani anatania. Mama yake anabadilisha kwacha na shilingi karibu na mpaka, na kuna usiku waliingiliwa nyumbani na watu wenye bunduki. Hayo niliambiwa baadaye na mwalimu wa darasa, aliyeyajua muda wote. Mimi nilikuwa na wiki mbili pale shuleni na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote chochote kuhusu wanafunzi wangu. Nilikuwa bize na kutafuta bolti.

Nilipoandika tukio hili kwenye ripoti yangu, wenzangu kadhaa waliniambia nimekuza jambo. Hoja yao ni kwamba watoto wa siku hizi wanaona bunduki kwenye simu kila saa. Sikubaliani nao. Ya kwenye simu inabaki kwenye simu. Hii ilikuwa mita mbili kutoka usoni kwake, na kilichoifanya iwe ya kweli machoni pake ni ule mti. Plastiki tupu hata mtoto wa chekechea anaijua kwa mbali. Mimi ndiye niliyeiondolea alama yake ya udoli, kwa gharama na kwa majivuno.

Wenzetu wameshalipia somo hili. Marekani sheria inataka bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya chungwa, lakini Novemba 2014 huko Cleveland mvulana wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya vidonge kama hivi, ambayo ncha yake ilikuwa imeondolewa. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2006, ilizuia uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli, ikaacha nafasi kwa makumbusho, maigizo na wachezaji wanaotambulika. Darasa la Tunduma si jumba la makumbusho. Na mimi nilikuwa napita na kile kitu kwenye bodaboda, kimefungwa shuka, katika mji wenye polisi na foleni ya malori usiku na mchana!

Halafu kuna aibu ya kitaaluma, ambayo kwa kweli inaniuma zaidi. Askari wa Wajerumani mwaka 1905 walibeba hasa Mauser za muundo wa 1871, zenye moshi mwingi. Wapiganaji wa Majimaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Kwa hiyo kitako cha babu kingefaa upande wao. Mimi nimekifunga kwenye umbo la bunduki iliyobuniwa miaka zaidi ya 40 baada ya shambulio la boma la Mahenge, nikasimama mbele ya watoto nikaita hicho uhalisia.

Sisemi tuondoe bunduki kwenye somo la historia au kwenye igizo. Ukitaka silaha jukwaani, wanafunzi wachonge ya mti mzima, ionekane mti. Mgambo wangapi wamejifunza kwata kwa bunduki za mbao na wakaiva? Na ukiwa na kitu halisi, kilete peke yake, kama kilivyo.

Wiki ya mwisho nilifungua ile bolti, plastiki nikaitupa, nikaenda darasani na kitako tu. Kabla ya hapo nilikaa na yule binti na mwalimu wake wa darasa, akasema atakuwepo. Kikazunguka dawati kwa dawati. Kijana mmoja akauliza mbona kimeng'aa upande wa kulia tu. Wakaanza kujiegemeza mabegani, huku na huku, mpaka wakakubaliana kwamba mwenye shavu hili alilengea bega la kushoto. Mimi nilikuwa nimekaa nacho mwezi mzima, sikuona.

Jioni nikampigia babu. Akacheka. Akasema shuleni walimchapa mpaka akahamia mkono wa kulia, lakini kule porini mwalimu hakuwepo.