Nusu siku ya Dar es Salaam inauzwa kwa hasara

Kila wiki ukurasa huu hutoa bei za mahindi, mchele, saruji na dola. Wiki hii tunaigusa bidhaa ambayo haimo katika orodha yoyote ya bei, ingawa inauzwa Dar es Salaam kila siku ya Mungu: saa nne au tano za kutembezwa jijini ndani ya gari, pamoja na mwongoza watalii. Wenyewe katika biashara huiita ziara ya nusu siku. Rai yangu ni kwamba bidhaa hii inauzwa kwa hasara, na hasara hiyo haimwangukii mwenye gari. Inamwangukia mchonga vinyago wa Mwenge, mama lishe wa Feri na mwenye duka la kanga Kariakoo, ambao ndio hasa mgeni amelipa ili awaone.

Tuanze na mnunuzi. Wapo wa aina tatu. Yupo mtalii aliyeshuka boti ya Zanzibar asubuhi na ndege yake inaondoka usiku. Yupo mjumbe wa mkutano ambaye kikao cha mchana kimeahirishwa. Na yupo anayesahaulika siku zote, mfanyabiashara wa Lubumbashi au Ndola ambaye mzigo wake uko bandarini, makaratasi hayajakamilika, naye hana la kufanya hadi kesho. Wote watatu wana muda mfupi na fedha mkononi. Mchuuzi yeyote anajua kwamba hakuna mteja mzuri kuliko huyo.

Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya 1,800,000. Wengi wao walikimbilia Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, na Dar es Salaam waliiona kupitia dirisha la teksi. Huu ni mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, wenye bandari kuu ya nchi, makao makuu ya mabenki na Soko la Hisa lililoanza kuuza na kununua mwaka 1998. (Waongozaji bado huwaambia wageni kuwa hapa ni makao makuu ya nchi. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Lakini kwa mtu wa biashara kosa hilo linasameheka, maana fedha hazijahama.)

Jumamosi moja nilinunua tiketi ya ziara hiyo kama mteja mwingine yeyote. Kampuni siitaji, kwa sababu nilichokiona ni desturi ya biashara nzima na si ya kampuni moja. Tulikuwa watu saba ndani ya Hiace. Saa nzima ya kwanza iliishia kuokota wageni katika hoteli tatu. Tuliteremka kwa dakika chache mbele ya Kanisa la Kilutheri la Azania Front, tukapiga picha. Tukasimama Kanisa la Mtakatifu Yosefu, yote mawili kazi ya enzi ya Wajerumani, na tukapiga picha tena. Sanamu ya Askari tuliizunguka bila kushuka. Makumbusho ya Taifa tulipewa nusu saa, tukaliona fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 kama watu wanaokagua mzigo forodhani. Kariakoo tulipita vioo vikiwa vimefungwa, tukiambiwa tushike mikoba. Kisha tukapelekwa kwenye duka moja la vinyago, na hapo, ndugu msomaji, haraka yote ikaisha. Tulikaa saa moja na dakika kumi. Soko la samaki la Feri, ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya ratiba, hatukulifikia kabisa. Muda, tuliambiwa, umekwisha.

Kwa nini muda uwe mfupi Makumbusho na mrefu dukani? Jibu analijua kila mtu wa mtaani: cha juu. Mwongozaji na dereva hupata fungu lao kutoka kwa mwenye duka kwa kila kinachonunuliwa na wageni waliowaleta. Makumbusho haitoi cha juu. Mama lishe hatoi cha juu. Mnada wa samaki hautoi cha juu. Kwa hiyo ratiba inajipanga yenyewe kufuata fungu, kama maji yafuatavyo mteremko.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kinyago cha mpingo kina thamani ya shilingi 60,000 kwa mchongaji, naye akiipata anaridhika. Mwenye duka anajua kwamba mwongozaji atadai 20,000, na naye mwenyewe hakubali kubaki mikono mitupu, basi anakitaja kwa 120,000. Mgeni ambaye alishasoma kwamba Afrika ni lazima kupatana bei anataja 40,000. Hapo wanavutana robo saa, na mara nyingi mgeni huondoka bila kununua, akiamini kwamba alitaka kuibiwa. Mchongaji hakuuza. Mwenye duka hakuuza. Mwongozaji hakupata kitu, na ile saa moja na dakika kumi imepotea. Mabanda ya jirani, yenye kazi nzuri pengine kuliko ile, hayakutembelewa kabisa kwa kuwa hayana mapatano na dereva yule.

Katika masomo ya biashara tulifundishwa kwamba bei ni habari. Inamwambia mnunuzi kitu kina thamani gani, na inamwambia mzalishaji atengeneze nini zaidi. Cha juu kinaiua habari hiyo. Ni kodi isiyo na risiti, inalipwa na mnyonge kuliko wote katika mnyororo, na haiingii katika mfuko wowote wa umma.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu mwongozaji. Nilizungumza na yule wa kwetu wakati wageni wakipatana bei, akanieleza bila kuficha kwamba malipo yake ya siku hayatoshi, na kwamba miezi ya masika anaweza kukaa wiki bila kazi. Kampuni zinashindana kwa kushusha nauli ya ziara, na nauli ikishuka kitu cha kwanza kukatwa ni ujira wa anayezungumza na mgeni. Ukimlipa mtu nusu ujira, ile nusu nyingine ataitafuta mahali. Majukwaa ya mtandaoni ambako wageni wengi hununua ziara kabla ya kuondoka kwao nayo hukata sehemu yake mapema, kabla senti haijafika Dar es Salaam. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mafuta, gari na kampuni.

Sasa tutazame kile ambacho hakiuzwi. Feri ni mwendo mfupi tu kutoka Azania Front ukifuata ufukwe wa Kivukoni. Soko lile katika sura yake ya sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Alfajiri ngalawa na boti zinaingia, samaki wanapandishwa mezani, na dalali anaanza kunadi: changu, kolekole, jodari, nguru, pweza. Bei inapanda na kushuka mbele ya macho yako kwa sauti na ishara za vidole. Wanunuzi wa hoteli wanasimama bega kwa bega na mama mwenye ndoo moja anayekwenda kukaanga Tandale. Hili ni soko huria katika hali yake safi kuliko jengo lolote lenye kiyoyozi. Kufika saa 5 asubuhi, kama ratiba nyingi zinavyoahidi, ni sawa na kufika harusini watu wakikunja mikeka. Wapaa samaki wapo na wakaangaji wapo, lakini mnada mkubwa umekwisha.

Halafu Kariakoo. Sanamu ya Askari tuliyoizunguka bila kushuka iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, kuwakumbuka Waafrika wa vita ya kwanza ya dunia, wakiwamo wapagazi. Kikosi cha wapagazi hao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Neno hilo ndilo lililogeuka Kariakoo. Kwa hiyo kati ya Sanamu ya Askari na Mtaa wa Msimbazi kuna hadithi moja, ya watu waliobeba mizigo ya vita na eneo ambalo hadi leo linaishi kwa kubeba mizigo. Mwongozaji mwenye maneno angeweza kuwatembeza wageni katika hadithi hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jengo la soko kuu, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, lina paa la maumbo kama uyoga wa zege lililokusudiwa pia kukinga maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, na hiyo nayo ni habari ambayo mgeni angependa kuisikia kutoka kwa mtu aliyepoteza mzigo siku ile.

Na huko ndiko kwenye bidhaa anazoweza kubeba. Kanga moja ina jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na mgeni akielezwa maana na ni wakati gani mwanamke humpelekea jirani yake ujumbe ule, hanunui kitambaa tena, ananunua kisa. Nimeona mwenye duka akiuza doti nne kwa mteja mmoja kwa kumfasiria majina tu, bei ikiwa ileile anayomuuzia mama wa Temeke.

Watasema Kariakoo ina vibaka. Ina. Lakini mfanyabiashara wa Lubumbashi huingia humo na kutoka na mabelo, na wa Komoro vilevile. Tatizo ni kuingiza watu ishirini kwa mkupuo wakiwa na kamera shingoni. Watu sita, saa 2 asubuhi kabla ya msongamano, na mwongozaji ambaye wenye maduka ya Mtaa wa Kongo wanamjua kwa sura, ni jambo jingine.

Zanzibar wamelielewa hili zamani. Ziara ya Mji Mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, ni ya miguu. Mgeni anapita sokoni Darajani, ananusa, anaonja, anauliza bei. Sisi tunamuuzia dirisha la Hiace na foleni ya barabara ya Bagamoyo.

Jambo hili lina haraka kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni za Machi 2025 zimezuia kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Aliyezoea kutaja dola mbele ya mgeni na kumlipa mwongozaji kwa shilingi, tofauti ya viwango akaiweka mfukoni, sasa inabidi bei yake isomeke kwa shilingi kama ya mwenye genge. Pili, Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, na miongoni mwa hizo ni kuongoza watalii pamoja na maduka ya vitu vya kumbukumbu. Jirani zetu wa Kenya walilalamika. Mimi nauliza swali jingine: tumeachiwa biashara, je, bidhaa tunayo? Soko lililolindwa bila bidhaa bora huishia kuwa la walanguzi, na mwenye nywele nyeupe kati yetu anakumbuka maduka ya miaka ya themanini.

Kwa mwekezaji mdogo mwenye akiba ya ununuzi wa gari la tatu, ushauri wangu ni asilinunue. Ziara inayoanza Feri saa 12 na nusu alfajiri, ikapita Azania Front, Boma la Kale la enzi ya Sultani Majid, Mtakatifu Yosefu na Askari, haihitaji gari hata moja. Ni miguu, maji ya kunywa na kofia. Kwenda Kariakoo bajaji zinatosha. Mtaji uliookolewa uende kwenye mwongozaji: alipwe ujira kamili, unaojulikana, na mkataba wake uandike wazi kwamba haruhusiwi kupokea fungu dukani. Wachongaji wa Mwenge na wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay wabandike bei kwenye kazi zao. Mama lishe alipwe na kampuni, kwa kichwa, chai na samaki wa kukaanga, naye ajue tangu jana wanakuja wangapi.

Nauli ya ziara ya namna hiyo itakuwa juu kidogo ya zile za sasa. Mgeni atalipa. Yule Mdachi aliyekaa kiti cha mbele yangu aliniuliza, tukirudi hotelini, kama anaweza kufika mwenyewe kwenye soko la samaki kesho yake, na ni shilingi ngapi kwa bajaji. Nilimtajia bei, nikamwambia awahi kabla ya saa 1.

Msimu mkavu unaanza Juni. Anayetaka kujaribu ana miezi ya masika ya kuzungumza na madalali wa Feri, ambao mchana huwa na nafasi.