Simu ya upepo si pambo la mkanda

Tarehe 1 Machi, 2010, ubavu wa Mlima Elgon ulimeguka katika Wilaya ya Bududa, mashariki mwa Uganda, ukakifukia kijiji cha Nametsi pamoja na watu, mifugo na migomba yao. Askari wetu walikuwa miongoni mwa waliofukua tope kwa majembe na sepetu. Oktoba 2018 msiba wa namna hiyo uliifika Bukalasi katika wilaya iyo hiyo, na Novemba 2024 ukaifika Wilaya ya Bulambuli. Aliyeonywa mara tatu hawezi kudai kwamba amevamiwa ghafula.

Katika saa za mwanzo za msiba, anayechimba hana budi kusemezana na aliye ng'ambo ya bonde: hapa pana sauti ya mtu, leteni machela, mlima wapasuka tena, ondokeni. Simu za kawaida hutegemea minara, na mnara hutegemea umeme. Ndiyo maana twaamini kwamba kila kikosi kidogo na kila kituo cha polisi kilicho milimani au ziwani kinapaswa kuwa na simu ya upepo ya mkononi. Lakini twaona pia kwamba wengi wanaoichagua kwa mara ya kwanza huichagua vibaya.

Swali wanalolitanguliza ni nguvu: ina wati ngapi? Ilipasa watangulize hili: nitasikiwa na nani? Mjini New York, tarehe 11 Septemba, 2001, marubani wa helikopta za polisi waliona dalili kwamba mnara uliokuwa bado umesimama ungeanguka, wakatoa onyo katika masafa ya polisi. Wazimamoto waliokuwa ndani walikuwa na masafa yao, wala hawakulisikia. Siku ile walikufa wazimamoto 343. Hatudai kwamba wote wangaliokoka. Twasema tu kwamba onyo lilikuwapo na halikuwafika.

Kwa hiyo askari anayenunua kwa fedha zake chombo kisichoweza kusemezana na kikosi chake wala na jirani zake amejinunulia pambo la mkanda. Tena masafa yana sheria. Hapa Uganda raia huyapata kwa leseni ya Tume ya Mawasiliano, na ya vikosi hupangwa na wakuu. Asijitwalie mtu masafa kwa hiari yake.

Swali la pili ni mahali pa kazi. Chombo cha mkononi aghalabu kina wati 5 au pungufu, nazo zatosha. Mawimbi yake huenda karibu kama macho yaendavyo. Mlima ukikaa katikati, wati 10 hazitautoboa. Kwa mtu aliyesimama uwandani, upeo wa mawimbi ni kama kilomita 5. Akipanda kilima cha mita 100, upeo huo wasogea hadi kama kilomita 40. Miguu ya kupandia kilima ina faida kuliko wati za kuongeza. Kadhalika, milimani na msituni masafa ya VHF kwa kawaida hufaa zaidi, na ndani ya majengo ya mjini yale ya UHF hupenya vizuri zaidi.

Swali la tatu ni betri, na hapa twasema kwa uchungu. Tulipokuwa makadeti, mwenzetu alivunjika mguu katika zoezi la usiku. Simu ya upepo tulikuwa nayo, na ilikuwa nzuri. Lakini mchana kutwa tulikuwa tumepiga nayo porojo, na betri ya akiba ilikuwa imesahaulika kambini. Yule kijana alilala bondeni hadi mapambazuko, nasi tumekaa tukikitazama chombo kisichosema. Tangu siku ile, tukionyeshwa simu ya upepo huuliza kwanza betri ya pili iko wapi, na itachajiwa kwa nini umeme ukikatika.

Mwisho ni uimara. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii, na kwamba chombo huhimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Vifungo vyake na viwe vichache, vinavyotambulikana gizani kwa vidole vilivyolowa tope. Katika msiba hapana atakayesoma kitabu cha maelezo.

Wapo maafande watakaosema kwamba chombo chochote ni bora kuliko kukosa. Kwa heshima zote, hatukubaliani nao. Asiye na chombo humtuma tarishi mapema. Mwenye chombo kibovu hukaa akingojea jibu lisilokuja, na chini ya tope kuna mtu anayeishiwa pumzi.

Basi, kabla fedha hazijalipwa, mkuu na atoe idhini, chombo kipelekwe bondeni siku ya mvua, na askari mmoja apande ng'ambo ya pili. Waitane. Wasiposikiana, chombo kirudishwe dukani, hata kama sura yake yapendeza. Wakisikiana, na wafanye hivyo kila juma, ili siku mlima utakapomeguka tena sauti zao ziwe zimezoeana.