MTAMBO NI WETU, UFUNGUO NI WA NANI?

Tangu zamani desturi ya biashara ilikuwa nyepesi kufahamika. Mwenye kiwanda aliunda kitu, akakiuza, akapokea fedha zake, na tangu saa hiyo kitu kile kikawa mali ya mnunuzi pamoja na taabu zake zote. Kikiharibika, mnunuzi alimtafuta fundi. Kikikosa kipuri, alizunguka madukani mpaka akipate. Siku hizi desturi hiyo inabadilika upesi, na mabadiliko yenyewe yamekwisha kuingia katika kambi na vituo vya polisi bila ya wengi wetu kuyapa jina.

Askari aliyechukua taa ya jua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu anayafahamu vizuri. Asipolipa, taa haiwaki, hata kama jua liliwaka mchana kutwa na betri imejaa. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza biashara hiyo nchini Kenya mwaka 2012 na baadaye ikaingia Uganda, haina haja ya kumtuma mtu kubisha mlangoni. Ndani ya kifaa imo laini ya simu inayopokea amri kutoka mbali. Alichouziwa askari huyo si taa peke yake bali ni taa pamoja na huduma, na mwenye kuuza hakuondoka baada ya kuuza. Yungali ndani ya nyumba.

Hatusemi haya ili kuilaumu taa, maana imeondoa moshi wa koroboi katika nyumba nyingi za askari. Tunayasema kwa kuwa utaratibu huo huo sasa unatumika katika injini za ndege, magreda, magari-moshi na zana za vita, na katika vyombo hivyo swali la nani aliye ndani ya nyumba ni zito zaidi.

Asili ya jambo hili, kinyume cha wanavyodhani wengi, si kompyuta. Mwaka 1962 kiwanda cha Bristol Siddeley cha Uingereza kilikuwa kikiunda injini iitwayo Viper, iliyofungwa katika ndege ndogo ya abiria aina ya 125. Kiwanda hicho kiliwaambia wenye ndege wasihangaike na vipuri wala karakana. Walipe kiasi maalumu kwa kila saa ambayo injini imeruka, na kazi ya kuitengeneza na kuibadilisha iwe ya kiwanda. Mwaka 1966 Rolls-Royce ilikinunua kiwanda hicho, ikairithi fikira hiyo, na katika miaka ya 1990 ikaipanua hadi kwenye injini za ndege kubwa.

Yafaa tuitazame hekima iliyomo. Katika desturi ya zamani, injini ilipoharibika mara nyingi, kiwanda kiliuza vipuri vingi zaidi. Hasara ya mnunuzi ilikuwa faida ya muuzaji, na ingawa hapakuwa na lazima ya mtu kufanya hila, hapakuwa pia na jambo lililomsukuma muuzaji kuunda kitu kisichoharibika. Katika desturi hii mpya, injini iliyolala karakanani haimwingizii mwenye kiwanda hata senti moja. Anapata fedha pale inapozunguka angani. Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kutaka idumu. Fundi yeyote wa jeshi aliyepata kusubiri kipuri kwa miezi mingi ataona mara moja kwa nini mashirika ya ndege yaliupokea mpango huo kwa mikono miwili.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Maadamu mwenye kiwanda sasa anaubeba mzigo wa uharibifu, alitaka ajue hali ya injini kabla haijaharibika. Akafunga ndani yake vipimo vidogo vya joto, vya mgandamizo na vya mtikisiko, vikawa vinatoa habari hewani kupitia setilaiti hadi kwa wataalamu huko Derby, Uingereza, ambao hutazama na kuonya kwamba kifaa fulani chapasa kukaguliwa ndege itakapotua. Wale walinzi wa uwanja wa Entebbe wanaoziona ndege mbili kubwa za Uganda Airlines, aina ya Airbus A330-800, zilizofika Desemba 2020 na Februari 2021, wajue kwamba injini zake ni za Rolls-Royce aina ya Trent 7000, ambazo ni za uzao huo wa injini zenye kusema.

Lakini tusifikiri kwamba mwenye kiwanda amejipatia kisima kisichokauka. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia safari, ndege zilikaa chini, saa za kuruka zikapungua vibaya, na malipo yakapungua pamoja nazo. Mwezi wa Mei mwaka huo Rolls-Royce ilitangaza kwamba itapunguza wafanyakazi wasiopungua 9,000. Anayelipwa kwa saa hugawana na mteja njaa pamoja na shibe.

Polisi watapendezwa na habari ya Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wezi wa nchi hiyo walikuwa wakiiba mashine za kuchimbua udongo, wakizitumia kubomoa mashine za kutolea fedha za benki, kisha wakizitelekeza. Kiwanda cha Komatsu kilitia katika mashine zake kifaa cha kutambua mahali kwa setilaiti, pamoja na uwezo wa kuizuia injini isiwake hata mwizi akiwa na ufunguo mkononi. Kuanzia mwaka 2001 kifaa hicho, kiitwacho Komtrax, kikawa kinafungwa kiwandani katika mashine mpya bila ya mnunuzi kuongeza malipo. Kilichoanza kama kinga ya wizi kikawa daftari kubwa la biashara: Komatsu ikajua kila mashine imefanya kazi saa ngapi, imetumia mafuta kiasi gani, na lini itahitaji kipuri. Serikali ya Uganda iliponunua Japani, mwaka 2017, mitambo ya barabara zaidi ya 1,000 kwa ajili ya wilaya, magreda ya Komatsu yalikuwa miongoni mwake.

Sasa tuugeuze upande wa pili. Kufuli inayomzuia mwizi haijui tofauti ya mwizi na mwenye mali. Inajua amri tu. Wakati wa vita vya Ukraine, mwaka 2022, iliripotiwa kwamba matrekta na mashine za kuvunia za John Deere zilichukuliwa katika duka moja la mji wa Melitopol zikasafirishwa hadi Chechnya, na zilipofika huko hazikufaa kitu kwa sababu zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Wengi walifurahi. Sisi tulijiuliza swali la kiaskari: ikiwa mashine yaweza kufungwa ikiwa mamia ya kilomita mbali, ndani ya nchi nyingine, katikati ya vita, ni nani anayeamua ipi ifungwe na ipi iachwe?

Katika nchi ya Poland swali hilo halikuhitaji vita. Mwaka 2022 magari-moshi yaliyoundwa na kiwanda cha Newag yalipelekwa kwa matengenezo katika karakana ya kampuni nyingine iliyoshinda zabuni. Mafundi walifuata kitabu cha maelekezo, wakafungua, wakafunga, na magari-moshi yakakataa kuondoka. Wataalamu watatu wa kompyuta walioitwa kusaidia walieleza hadharani, Desemba 2023, kwamba ndani ya programu ya kuyaendesha walikuta masharti ya kuyafunga, na miongoni mwake alama za mahali zilipo karakana za washindani. Newag imekana kabisa kuweka jambo hilo, na shauri likafikishwa mahakamani. Hatuhukumu kesi ya watu. Linalotuhusu ni kwamba abiria walikosa usafiri, na fundi mwenye vyombo, vipuri na kitabu cha kiwanda hakuweza kujua ni kwa sababu gani chombo kizima hakitembei.

Sisi tuliopitia chuo cha maofisa kadeti tulifundishwa kuifungua bunduki na kuifunga tena gizani, kwa kupapasa, mpaka kila pini ikajulikana kwa vidole. Mafunzo hayo hayakuwa mchezo. Shabaha yake ilikuwa kwamba askari asimtegemee mtu yeyote ambaye hayuko naye katika handaki. Basi na tuitazame ndege ya kivita ya F-35, ambayo ni ya thamani kubwa kupita kiasi. Mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba mwezi wa Machi mwaka huo ni kama asilimia 55 tu ya ndege hizo za Marekani zilizokuwa tayari kwa kazi, na kwamba vifaa zaidi ya 10,000 vilikuwa vinangoja kutengenezwa. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba jeshi linawategemea mno wenye viwanda, na halina maelezo ya kiufundi ya kuliwezesha kujitengenezea. Hilo ni taifa lenye fedha nyingi na wahandisi wengi. Tarehe 30 Aprili 2025 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliagiza jeshi lake la nchi kavu litie haki ya kujitengenezea katika mikataba yake. Walilikumbuka baada ya kununua.

Liko pia jambo la siri. Chombo kinachompelekea mwenye kiwanda habari za afya yake, aghalabu humpelekea na mahali kilipo. Mwanzoni mwa mwaka 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, yenye programu ya kuhesabu mbio za mazoezi, ilionyesha njia ambazo askari walikimbia kila asubuhi kuzunguka kambi zao katika nchi za mbali. Mahali palipokuwa jangwa tupu pakaonekana umbo la kambi. Waliovaa vifaa hivyo mkononi walitaka kujua wamekimbia kilomita ngapi. Msafara wa malori mapya, kila lori likiwa na laini yake ya simu, waweza kusema mengi kuliko hayo.

Kwa haya yote hatusemi turudi katika desturi ya zamani. Ambulensi ya polisi inayoonya mapema kwamba pampu yake imechoka ni bora kuliko ile inayozimika njiani na mgonjwa ndani. Tena si lazima faida ya utaratibu huu iwe ya wageni tu. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand inaunda pikipiki za umeme, na mwenye pikipiki hanunui betri; anafika kituoni, anaacha iliyokwisha nguvu, anachukua iliyojaa, analipia umeme alioutumia. Mabasi ya mwanzo ya umeme ya Kiira Motors yaliundwa katika kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries, huko Nakasongola. Kiwanda kilicho karibu, chenye mafundi tunaoweza kuwaita kwa majina, ndicho kingefaa kuwa cha kwanza kutuuzia saa za kazi badala ya chuma tu.

Tunalodai ni kwamba mkataba usomwe na macho ya kiaskari kabla ya kutiwa saini. Uandikwe wazi ni nani awezaye kukizima chombo, kwa amri ya nani, na kama uwezo huo waweza kuondolewa kabisa kinapokabidhiwa. Uandikwe habari zake zinakwenda katika nchi gani, na kama zaweza kukatwa wakati wa operesheni bila ya injini kugoma. Uandikwe kwamba kitabu cha ufundi pamoja na programu ya kupimia hitilafu ni sehemu ya mali iliyonunuliwa, na kwamba mafundi wetu watafundishwa kwa muda wa kutosha. Wiki moja ya kupiga picha pamoja na wageni si mafunzo. Kiwanda kikifungwa au kikiuzwa kwa mwingine, uandikwe funguo zitakabidhiwa kwa nani.

Wapo masajini na makoplo katika karakana za jeshi na za polisi ambao wamezifungua injini kwa miaka ishirini, nao huitwa siku ambayo chombo kimekwisha kulala. Waitwe siku ya kujadili bei, wakae mezani pamoja na wanasheria, na wawe na ruhusa ya kumwambia muuzaji: fungua boneti, tuonyeshe laini ya simu iko wapi, kisha iondoe, uwashe injini tuone.