Kompyuta ya zamani si chuma chakavu: piga hesabu kabla ya kuuza mpunga

WIKI hii safu hii inaacha kidogo bei za gunia na viwango vya fedha za kigeni, inaingia ofisini kwa mfanyabiashara mdogo na kuitazama kompyuta iliyo mezani kwake. Sababu ni kwamba kompyuta hiyo imeanza kuuzisha watu mpunga kabla ya wakati.

Mzee mmoja wa Kahe, mwenye mashine ya kukoboa na stoo ya mpunga, alinipigia simu akiuliza kama bei ya wiki ile inafaa kuuzia. Nilishangaa. Ulikuwa msimu wa mavuno, na yeye ni mtu wa kungoja. Kila mwaka huweka mzigo ndani mpaka wakulima wa Chekereni na Oria wamalize kutoa wao, bei ipande, ndipo naye afungue stoo. Nikamwuliza kulikoni.

"Mwanangu, kompyuta imekufa," akasema. "Fundi wa mjini ameniambia Windows yake imekwisha muda na mpya haipandi. Anataka laki nane aniletee nyingine. Bora nitoe gunia kumi nimalize."

Kompyuta haikuwa imekufa. Kilichotokea ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma za kawaida kwa Windows 10, mfumo iliouanzisha mwaka 2015. Mashine yenye mfumo huo inaendelea kuwaka kama kawaida, ila haipati tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika nyongeza ya mwaka mmoja iliyotangazwa. Kuhamia Windows 11 kunadai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa kiasi kikubwa inaanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Mashine ya mzee ni ya mwaka 2014. Fundi hakusema uongo kwamba Windows mpya haipandi. Alichonyamazia ni kwamba Windows si mfumo pekee duniani. Nasi tukumbuke kwamba anayekupima ndiye huyo huyo anayekuuzia dawa.

Tupige hesabu kama wafanyabiashara. Laki nane ni bei ya dukani tu. Mpunga unaouzwa wakati kila mtu anauza hubeba hasara ya pili, yaani ile faida ambayo ungeipata kwa kungoja. Upande wa pili wa daftari upo hivi: flashi ya GB 8 ambayo inanunuliwa kwa noti moja au mbili za elfu kumi, bando la intaneti la kupakua faili la karibu GB 3, na jioni moja ya kazi. Mfumo wenyewe ni wa bure kisheria. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na leo inaendesha seva nyingi za dunia. Toleo la Linux Mint 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa marekebisho hadi mwaka 2029. Linahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ikiwa unataka raha. Mashine ya mzee ina GB 4.

Jumamosi nikashuka Kahe. Jambo la kwanza halikuwa flashi, lilikuwa kunakili hesabu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na madeni ya wateja ya misimu minne, na hapakuwa na nakala popote. Msomaji, hapa ndipo penye mtaji. Kompyuta inanunulika, daftari la madeni halinunuliki. Tulihamisha kila kitu kwenye diski ya nje, tukafungua faili mojamoja kuhakikisha zinasomeka.

Ndipo tukatengeneza flashi. Wengi hukosea hapa. Ukipakua faili la mfumo, ambalo huishia na herufi ISO, halafu ukalinakili kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo, kompyuta haitawaka nayo. Lazima liandikwe kwa programu maalumu itakayoipanga flashi upya ili mashine iitambue wakati wa kuwaka. Rufus ni mojawapo, ndogo na ya bure. Unachagua flashi, unachagua faili, unabonyeza kitufe cha kuanza, unangoja. Kila kilichokuwa kwenye flashi hufutika, kwa hiyo usitumie ile yenye picha za harusi. Pakua faili kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, na ulinganishe namba yake ya uhakiki na ile waliyoitangaza. Namba zikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa. Litupe, upakue jingine.

Kisha flashi inachomekwa, kompyuta inawashwa, na mara moja unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni F9. Nzuri zaidi ni kwamba Linux Mint inakuruhusu kuijaribu ikiwa bado kwenye flashi, bila kugusa kilicho ndani ya mashine. Ni kama kuonja wali kabla ya kununua gunia. Tulijaribu printa, modemu na sauti. Printa ilitusumbua karibu saa nzima, mengine yalikubali. Baada ya hapo tu ndipo tulipoingiza mfumo moja kwa moja.

Sitaki msomaji aondoke akidhani hakuna gharama. Programu ya hesabu aliyokuwa nayo mzee ni ya Windows na haikukubali. Imebidi ahamie kwenye majedwali ya LibreOffice, na karani wake alilalamika wiki nzima. Ambaye biashara yake inategemea programu isiyo na mbadala nje ya Windows asijitie ushujaa, anunue mashine. Vilevile mashine yenye RAM chini ya GB 2, au diski inayolia kama kinu, haistahili kuhangaikiwa sana. Zile kongwe kabisa za biti 32 zimebakiwa na njia chache. Debian 12 ya mwaka 2023 bado ilizipokea, Debian 13 ya mwaka 2025 imeacha kutoa kisakinishi chake kwa ajili yao.

Vilevile nawaonya wanaokimbilia njia ya mkato, yaani kupigiwa Windows ya wizi kwa elfu kumi na tano. Ile programu inayovunja kufuli ya leseni imeandikwa na mtu usiyemjua, nawe unaipa ruhusa zote ndani ya mashine unayoingilia benki. Hiyo si akiba, ni mkopo usiojua riba yake.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya wataalamu, si ya watu wa mpunga na vitunguu. Historia yetu inawajibu. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona fedha nyingi zimetumika na manufaa hayaonekani. Mashine zilikuja kabla ya watu wa kuzimudu. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika lugha ya Kiswahili. Ujuzi huo basi haukosekani nchini. Kinachokosekana ni kushuka kutoka chuoni hadi stoo ya Kahe.

Pendekezo langu ni hili. Kila SACCOS, kila chama cha msingi na kila kikundi cha wafanyabiashara sokoni kiwe na flashi moja iliyoandaliwa vizuri, na kijana mmoja aliyefundishwa kuitumia. Akaunti za kikundi zitabeba gharama hiyo bila kuhisi. Mwanachama anayeambiwa kompyuta yake imekufa aijaribu kwanza kwa flashi ya kikundi, ndipo aende dukani. Ikiwaka, ameokoa laki kadhaa za kununulia mbolea, hisa au vipande vya mfuko wa pamoja. Isipowaka, amepoteza nusu saa.

Watu wa Kahe hawana haja ya kufundishwa somo hili na kijana kama mimi. Stesheni yao, pale reli ya kutoka Voi ilipokuja kuungana na ile ya Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikaa miaka mingi bila kuona abiria. Mwaka 2019 treni za mizigo zikarudi, na mwishoni mwa mwaka huo za abiria zikafika tena Moshi. Njia ni ile ile iliyotandazwa enzi za Wajerumani. Hakuna aliyeing'oa ili ajenge nyingine. Ilikarabatiwa, ikafanya kazi.

Kipya kinyemi, lakini wahenga walitukanya pia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mzee wangu bado ana gunia zake kumi stooni. Akiuza sasa, atauza kwa sababu bei imempendeza, wala si kwa sababu kampuni ya Marekani imefunga dirisha.